Mnada wa Kairo na Masanduku Yetu
Mhadhara kwa wakazi wa Butembo na Beni



Wakusanyaji wa sarafu wana swali wanalopenda kuulizana wanapokutana: kama ungeweza kurudi nyuma, ungehudhuria mnada gani? Wengi hujibu bila kusita kwamba wangekwenda Kairo, mwaka 1954. Nami nimechagua mnada huo uwe mlango wa mazungumzo yetu, kwa sababu mbili. Kwanza, Kairo si mbali nasi kama inavyodhaniwa. Maji yanayotoka Ziwa Edward pale Ishango yanateremka na mto Semliki, yanapita mashariki ya Beni, yanaingia Ziwa Albert, kisha yanashika njia ya Nile hadi chini ya madaraja ya mji ule. Pili, yaliyotokea Kairo yanatufundisha jambo ambalo sisi wa Kivu Kaskazini tunalihitaji leo kuliko wale matajiri walioketi kwenye viti vya mnada. Jambo lenyewe ni hili: thamani ya sarafu ya kale hubebwa na habari zake. Habari zikipotea, kinachobaki mkononi ni chuma.

Nianze na mnada wenyewe.

Mfalme Farouk wa Misri alipinduliwa na maofisa wa jeshi tarehe 23 Julai 1952. Siku tatu baadaye alipanda merikebu ya kifalme, Mahrusa, bandarini Aleksandria, akaiacha nchi. Nyuma yake majumba yalibaki yamejaa vitu: stempu, saa, vito vya mafundi wa Fabergé, vioo vya kukandamizia karatasi, na sarafu na medali zipatazo 8,500. Serikali mpya iliamua kuviuza vyote, ikawaita madalali wa Sotheby's kutoka London. Mnada wa sarafu ulifunguliwa mwishoni mwa Februari 1954 katika kasri la Koubbeh.

Waliofika hawakuwa wengi. Nchi ilikuwa katika msukosuko wa madaraka, na safari ya kutoka Ulaya au Marekani ilikuwa ghali. Miongoni mwao alikuwapo Hans Schulman, mfanyabiashara wa New York ambaye mfalme alikuwa bado hajamlipa deni lake la sarafu. Walikuwapo balozi Henry Norweb na mkewe, Emery May, mkusanyaji hodari kuliko wanaume wengi wa zama zake. Na alikuwapo John Jay Pittman, mhandisi wa kemia katika kampuni ya Kodak, mtu wa mshahara wa kila mwezi, aliyeweka nyumba yake rehani ili apate nauli na pesa ya kununulia. Sarafu alizozinunua kwa mamia ya dola ziliuzwa kwa mamia ya maelfu pale mkusanyo wake ulipopigwa mnada kati ya 1997 na 1999, baada ya kifo chake. Ndiyo maana wakusanyaji wa leo wakisikia neno Kairo huumia moyoni.

Lakini tuangalie jinsi mnada ule ulivyopangwa. Orodha ya mnada wa sarafu wenye heshima huipa kila sarafu ya maana mstari wake: namba, uzito, mwaka, hali, imetoka wapi, nani aliimiliki kabla. Kairo walikuwa na haraka. Sarafu 8,500 zilibanwa katika mafungu 2,798, na mara nyingi fungu moja lilikuwa na sarafu kumi au ishirini zilizoelezwa kwa maneno machache tu. Mnunuzi aliyetaka sarafu moja alilazimika kuchukua rundo zima, kisha nje ya ukumbi anawauzia wenzake asizozihitaji. Hivyo sarafu zikatawanyika na habari zao zikakatika. Leo ziko sarafu nyingi duniani zilizopita mikononi mwa Farouk ambazo hakuna awezaye kuthibitisha kwamba zilipita huko. Mali ilipata bei na historia ikavuja. Hiyo ndiyo hasara ya Kairo ninayoiona kubwa kuliko zote.

Katika fungu la 185 ilikuwamo sarafu moja ambayo kisa chake kinaliweka jambo hili wazi kabisa. Ni sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20, ya mwaka 1933. Mwaka huo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilipiga sarafu 445,500 za aina hiyo, lakini Rais Roosevelt alikuwa amezuia dhahabu isizunguke mikononi mwa watu, kwa hiyo zikaamriwa ziyeyushwe. Mbili zilipelekwa makumbusho ya Smithsonian. Chache nyingine zilitoka kiwandani kwa njia ya wizi, na moja kati ya hizo ikamfikia Farouk mwaka 1944. Watu wa ubalozi wake walifanya jambo la kawaida kabisa: waliomba kibali cha kuitoa nchini. Wizara ya fedha ya Marekani ikawapa kibali hicho tarehe 29 Februari 1944, kabla wakubwa hawajatambua kwamba sarafu za mwaka ule zilikuwa za wizi.

Mwaka 1954 Marekani iliiomba Misri iitoe sarafu hiyo katika mnada. Ikatolewa, kisha haikuonekana tena kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1996 ikaibuka New York mkononi mwa mfanyabiashara Mwingereza, Stephen Fenton, naye akakamatwa. Kesi ikafuata. Kilichomwokoa yeye na sarafu yake ni ile karatasi ya Februari 1944: serikali yenyewe ilikuwa imewahi kuiruhusu sarafu hiyo. Pande mbili zikakubaliana iuzwe na wagawane. Tarehe 30 Julai 2002 iliuzwa kwa dola 7,590,020, na zile dola 20 za mwisho zililipwa ili sarafu ihesabiwe kuwa pesa halali ya Marekani. Juni 2021 ikauzwa tena kwa karibu dola milioni 18.9.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2004 familia moja ya Philadelphia ilipeleka serikalini sarafu kumi za aina hiyo hiyo, za mwaka huo huo, zikaguliwe kama ni za kweli. Zilikuwa za kweli. Serikali ikazishika na haikuzirudisha. Familia ikashindwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2011, ikashindwa katika rufaa mwaka 2016, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Dhahabu ni ile ile, uzito ni ule ule, tai mgongoni ni yule yule. Moja ina bei ya mamilioni na kumi hazina bei hata kidogo, kwa sababu moja ilikuwa na karatasi.

Hapa Butembo tunajua mizani. Dhahabu ya Manguredjipa na ya machimbo ya Lubero imepita katika mji huu tangu siku za kampuni za Kibelgiji, na wapo vijana hapa wanaoweza kukadiria gramu kwa kuishika tu kiganjani. Ujuzi huo ni mkubwa, lakini kwa sarafu unafika nusu ya njia tu. Mizani itakuambia chuma kina uzito gani. Haitakuambia ni nani aliyelipwa kwa sarafu hiyo, kwa kazi gani, mwaka gani.

Tusidhani kwamba somo la kuandika habari za kitu ni la wageni. Mfano wake mkubwa kuliko yote umetoka katika ardhi yetu ya Beni. Mwaka 1950, mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale Ishango, Semliki inapoanzia, akakuta kijifupa chenye urefu wa karibu sentimeta kumi, kimechongwa mikato katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na wataalamu wa hesabu wa dunia nzima wanakijadili hadi leo kama mojawapo ya alama za kale za binadamu kuhesabu. Kifupa chenyewe kiko Brussels, na nina uchungu kwamba mtoto wa Beni hawezi kukiona bila viza. Lakini jina la Ishango halikupotea. Aliyekichimba aliandika mahali na tabaka la udongo, na kwa maandishi hayo kijiji chetu cha ziwani kinatajwa katika vitabu vya hisabati. Kingeuzwa sokoni bila maelezo, kingekuwa mfupa tu.

Na wako watu wasio na elimu ya uchimbaji waliofanya hivyo hivyo. Mwaka 1944, askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi yake. Hakujua ni za wapi. Aliziweka katika kopo, akachukua ramani na kutia alama ya msalaba mahali alipoziokota. Alipozipeleka zikaguliwe mwaka 1979, tano kati yake zilitambuliwa kuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, huko pwani ya Afrika Mashariki. Zilivukaje Bahari ya Hindi yote? Wataalamu bado wanabishana. Lakini mwaka 2013 watafiti waliweza kurudi kisiwani na ramani ile mkononi. Alama moja ya kalamu iliyafungua mazungumzo kuhusu bahari nzima.

Sasa tuje kwenye masanduku yetu wenyewe.

Ukiingia nyumba ya mzee katika mitaa ya Vulamba au Kimemi hapa Butembo, au Bungulu na Mulekera kule Beni, huenda ukakuta sanduku la bati chini ya kitanda, na humo ndani kikopo cha pesa zisizonunua kitu tena. Naomba tuichukue sarafu moja ya aina hiyo tuitazame kwa makini: franka mbili za mwaka 1943. Haina umbo la duara; ina pembe sita. Ni ya shaba ya njano. Upande mmoja una tembo anayetembea. Jina la benki ya Kongo ya Kibelgiji limeandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Uso wa mfalme haupo. Kwa nini ilipigwa hivyo, mwaka huo? Kwa sababu Ubelgiji ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani tangu Mei 1940, na koloni lilihitaji pesa ndogo za kulipa watu waliosukumwa kwenye kazi za vita, migodini na mashambani. Sarafu zikaagizwa Marekani, zikapigwa Philadelphia, katika kiwanda kile kile kilichopiga dola 20 za 1933. Mwaka uliofuata zikapigwa franka 50 za fedha, nazo zina tembo, lakini hizo zilitoka Pretoria. Kikopo kimoja chini ya kitanda kinaweza kukusimulia Vita vya Pili vya Dunia vilivyomfikia mkulima wa kilimani.

Nisiwadanganye kuhusu bei. Franka mbili za 1943 zilipigwa kwa mamilioni, na sokoni ni sarafu ya bei ndogo. Sarafu za shaba zenye tundu katikati na nyota, za Dola Huru la Kongo la Leopold wa Pili, zilizoanza mwaka 1887, nazo nyingi si ghali. Zile kubwa za fedha za franka tano za enzi hiyo ndizo adimu. Anayekuambia kwamba kila sarafu ya zamani ni utajiri anataka kukuuzia kitu, au anataka kununua chako kwa ujanja.

Ziko pia sarafu ambazo babu zetu walizikaribia sana bila jina lao kuandikwa popote. Mwaka 1916, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezuiwa baharini na manowari za Waingereza, pesa zikawaishia. Katika karakana ya reli ya Tabora wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Jumla yake ni 16,198, na fundi aliyechonga chapa alitoka Ceylon. Wakusanyaji wanazitofautisha kwa jambo dogo sana: kama pambo la pembeni linaishia chini ya herufi T au chini ya herufi A katika jina la koloni. Sarafu hizi hupigwa mnada Ulaya na Marekani mara kwa mara, na orodha zinaeleza yote hayo. Kisichoelezwa ni kwamba tarehe 19 Septemba 1916 mji wa Tabora ulitekwa na Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, na kwamba askari wa jeshi hilo walikuwa Wakongomani, wakifuatwa na umati wa wapagazi Wakongomani waliobeba kila risasi na kila gunia. Orodha inajua herufi T na A. Haijui mpagazi. Jambo hilo linanichoma, na naamini linapaswa kuwachoma ninyi pia, kwa kuwa mtu pekee ambaye angeweza kuliandika ni mjukuu aliyesikia kwa babu.

Kisha kuna pesa zetu za baada ya uhuru. Hapa kila familia ina kidonda. Tarehe 24 Juni 1967 zaire moja ilichukua mahali pa franka 1,000. Siku ya Krismasi 1979 noti za zaire 5 na 10 zikafutwa, na watu wakapewa siku chache tu kuzibadilisha. Mkulima aliyeweka akiba yake ndani ya mtungi, mbali na benki, aliamka maskini. Mwishoni mwa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni tano. Januari 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi, na damu ikamwagika. Oktoba 1993 zaire mpya moja ikapewa thamani ya zaire milioni tatu za zamani. Na 30 Juni 1998 franka moja ya Kongo ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu: franka moja ya siku ile ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Mnaelewa sasa kwa nini mama wa soko la Butembo anaamini zaidi dola na shilingi ya Uganda inayopita Kasindi. Hakufundishwa hivyo shuleni. Alifundishwa na kikopo kile.

Kwa hiyo noti ya zaire iliyofutwa, ambayo kwa mnada wa Ulaya ni kitu cha bei ya chakula cha mchana, kwetu ni hati. Ni ushahidi wa jasho lililofutwa kwa tangazo la redio. Mwenyewe akiwa hai bado anaweza kutuambia: hizi zilikuwa za kumlipia mtoto karo, hizi zilikuwa bei ya ng'ombe, hizi zilikuwa za kahawa ya msimu ule. Akifa bila kuulizwa, tutabaki na karatasi chakavu.

Ndipo ninapofika kwenye ombi langu. Nataka tuandike orodha yetu kabla ya mnada wowote, na tuiandike sisi wenyewe. Kazi haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, simu yenye kamera, rula, na mizani ndogo ambayo mji huu unayo tele. Kila sarafu au noti ipewe namba. Ipigwe picha pande zote mbili. Iandikwe uzito, upana na mwaka. Kisha iandikwe sehemu ambayo hakuna mgeni anayeweza kuiandika: ilipatikanaje, nani aliipokea, kwa kazi gani, katika kijiji gani, na nani anasimulia. Jina la mwenye mali libaki siri kwake na kwa mwandishi, maana katika nchi yetu kutangaza kilicho nyumbani ni kuwaita wezi.

Na nawasihi, msizisugue. Ndimu na majivu yanaing'arisha sarafu kwa siku moja na kuiharibu milele, kwani yanakula maandishi na kuacha mikwaruzo. Msizitoboe kuwa mikufu, wala msimpelekee sonara aziyeyushe kabla ya kuziandika. Anayehitaji kuuza kwa sababu mtoto anaumwa, auze. Hakuna mtu wa kumlaumu. Lakini aandike kwanza, kisha auze.

Najua swali ambalo baadhi yenu mnalo. Tangu 2014 watu wa Beni wanauawa vijijini na mashambani. Tumezika wapendwa wetu wa Ebola, hapa na kule, tangu Agosti 2018 hadi 2020. Kuna wakimbizi wanaolala madarasani. Je, huu ni wakati wa kuhesabu sarafu kuukuu? Jibu langu ni ndiyo, na ni kwa sababu ya hayo yote. Familia inayokimbia usiku hubeba watoto, labda na godoro. Sanduku la bati hubaki. Nyumba ikichomwa, kila kitu kilichokuwa na habari za babu kinaondoka nayo. Daftari lililonakiliwa mahali pawili, Butembo na Beni, haliwezi kuchomwa na mtu mmoja kwa usiku mmoja. Watu wanaouawa wana haki ya kwanza kwa uhai wao. Na wana haki pia ya kujulikana kwamba waliishi, walifanya kazi, walilipwa, waliibiwa.

Mtu akiniuliza kama ningependa kuwapo Kairo mwaka 1954, namjibu kwamba ningependa sana. Lakini nisingeinua mkono kununua. Ningekaa nyuma na kalamu, nikaandika kila sarafu ya kila fungu kabla hazijatawanyika. Kazi hiyo haikufanywa, na haitawezekana tena. Ya kwetu bado inawezekana. Walimu wa historia, chukueni jambo hili liwe zoezi la wanafunzi wenu muhula ujao: kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja na aandike sarafu moja. Wakuu wa vyuo, tengeni rafu moja ya maktaba kwa madaftari hayo. Wafanyabiashara, ninyi mliojenga mji huu kwa kuaminiana bila kungoja serikali, toeni karatasi na mizani. Wazee wetu, wakija wajukuu na maswali, msiwaambie kwamba ni takataka za zamani. Fungueni masanduku, mkae nao, muwaeleze.